Shawa Nane za Waithaka

Lazarus Ochola alitazama ile video kwa dakika mbili, akacheka, akaisukuma simu hadi upande wa pili wa meza kama mtu anayekataa chakula kilicholala.

"Huyu mtoto hajawahi kushika hata pleya," alisema. "Angalia hivyo vidole. Laini kama vya karani wa benki."

Mtoto huyo alikuwa mwalimu Mbithi, kijana aliyefundisha fizikia mtandaoni akiwa na kalamu ya wino mzito, karatasi za manila ukutani na sauti ya mtangazaji wa mpira. Jacklyne, mke wa Lazarus, alikuwa amepakua video zake kumi na moja kwa siku nne, saa za chakula cha mchana, kwa waifai ya ofisi ya mawakili alikokuwa akipika chai katikati ya mji. Alizileta nyumbani Kabiria ndani ya simu, akaisafisha meza, akamwekea mumewe daftari jipya na kalamu mbili. Zote mbili zilikuwa bado na vifuniko.

Mtihani ulikuwa umebakisha wiki tano. Kampuni iliyosimamia nyumba za kupanga kule Kangemi, ambako Lazarus alipata zaidi ya nusu ya kazi zake, ilikuwa imebandika tangazo kwamba kuanzia Januari fundi wa stima asiye na cheti hatapewa kazi wala kuruhusiwa kugusa waya. Chuo kimoja cha ufundi mjini kilikuwa kinachukua watu wazima kwa masomo ya Jumamosi, mwaka mzima, na mwisho wake ni cheti. Lakini kwanza kulikuwa na mtihani wa kuingia, hesabu na fizikia, na barua ya mtu anayeijua kazi yako. Barua Lazarus alikuwa nayo. Fizikia hakuwa nayo, na hakuona sababu ya kuitafuta.

"Miaka ishirini, Mama Valarie," alisema. "Ishirini. Umesikia nyumba gani imeungua? Leo nikae hapa katoto kanifunze balbu?"

"Mtihani hauulizi umefunga nyumba ngapi, Baba Valarie. Unauliza hizi vitu."

"Hizi vitu ni za watu wa kuchora. Mimi si wa kuchora."

Akainuka, akachukua mkoba wake wa kazi na kutoka, ingawa ilikuwa Jumapili na hakuna aliyekuwa amemwita. Jacklyne alilifunga daftari. Hakukasirika. Alikuwa ameishi na dharau ya mtu huyu miaka kumi na sita na aliifahamu kama anavyofahamu milango ya nyumba yake. Lazarus aliwadharau mafundi vijana kwa sababu walivaa glavu, na wazee kwa sababu mikono yao ilitetemeka. Aliwadharau wahandisi kwa helmeti zao, wenye nyumba kwa kutojua kitu, na wapangaji kwa kuwa wapangaji. Katika mkoba ule hakukuwa na kifaa alichokitumia kuliko dharau hiyo.

Valarie, binti yao wa pekee, alikuwa shule ya bweni. Hakukuwa na mtu mwingine nyumbani wa kumwangalia Jacklyne akilifungua tena lile daftari.

Mwanzoni aliziangalia video ili tu ahakikishe kwamba zimeshuka vizuri. Ndivyo alivyojiambia. Jikoni mwa ofisi, ghorofa ya sita, aliegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, akala wali wake haraka, na Mbithi akaanza kupiga kelele kwa sauti ndogo.

"Watu wengi wanadhani balbu inakula mkondo. Balbu haikuli mkondo, wasee! Mkondo unaoingia ndio unaotoka. Mkondo lazima urudi ulikotoka. Ukikata njia ya kurudi, umekata kila kitu."

Jacklyne aliacha kijiko hewani. Maisha yake yote alikuwa amedhani kwamba stima huingia ndani ya balbu na kuishia humo, kama mafuta ndani ya taa. Akairudisha video nyuma. Akachukua bahasha kuukuu kutoka kwenye kapu la takataka na kuchora kile Mbithi alichochora.

Wiki ya pili alifika kwenye vikinzani, vile vidude vinavyoupunguza mkondo, vilivyofungwa sambamba. Mbithi alisema ukiviunganisha viwili hivyo, ukinzani wa jumla unakuwa mdogo kuliko hata wa kile kidogo zaidi kati yao. Jacklyne hakuamini. Alipiga hesabu mara tatu, na mara zote tatu Mbithi akawa amesema kweli. Hapo ndipo alipohisi raha ambayo hakuwa ameihisi tangu alipokuwa msichana, raha ya kushindwa na kitu kisichokuwa na haja ya kumtukana.

Jikoni mle kulikuwa na birika kubwa la umeme na maikrowevu. Vikiwashwa pamoja, baada ya muda swichi ilijiangusha yenyewe na ofisi nzima ikakosa chai. Kwa miaka mitatu Jacklyne alikuwa akiambiwa kwamba ni yeye anayebonyeza vibaya. Siku moja alivigeuza vyombo vile viwili, akasoma maandishi madogo nyuma. Wati elfu tatu. Wati elfu moja mia nane. Akajumlisha, akagawanya kwa volti mia mbili na arobaini. Jibu lilikuwa ishirini. Akavuta kiti, akapanda, akasoma ile swichi: kumi na sita.

Alikuwa bado amesimama juu ya kiti wakati Bi Syokau alipoingia. Bi Syokau alikuwa msimamizi wa ofisi, mama mnene mwenye manukato makali, ambaye funguo zake zilisikika kabla yake.

"Jackie, unatafuta nini huko juu?"

"Madam, nimejua kwa nini hii swichi inaanguka. Hivi vitu viwili vinataka ampea ishirini, na swichi ni ya kumi na sita."

Bi Syokau hakutazama swichi. Alitazama simu iliyoegemea mkebe wa sukari, kisha zile bahasha. Akaokota moja na kuisoma, akatoka nayo hadi kwa makarani.

"Ai! Njooni muone! Mama wa chai anatafuta ukinzani! Ndiyo maana intaneti inatambaa, kumbe tunasomesha mtu hapa!"

Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana walicheka jinsi watu wanavyomcheka mbwa aliyesimama kwa miguu miwili. Tangu siku hiyo wakamwita Injinia. "Injinia, maziwa." "Injinia, kuna vikombe viwili huku bodi-rumu." Jacklyne alipeleka maziwa na kuchukua vikombe. Aliacha kuwasha maikrowevu birika likiwa linachemka, na swichi haikuanguka tena. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nyumbani Lazarus alikuwa bado na zile kalamu mbili zenye vifuniko.

Siku ya Alhamisi, wiki mbili kabla ya mtihani, Jacklyne alifikia video ya kumi. Ilihusu waya wa tatu, ule wa ardhini ambao mafundi huuita athi. Mbithi alichora shawa ya stima, mtu ndani yake, na matone ya maji.

"Laivu inaleta, nyutro inarudisha. Athi kazi yake ni kuokoa maisha peke yake. Inaenda hadi kwa nguzo ya shaba iliyozikwa ardhini. Sasa kuna mafundi wengine hawataki kuzika nguzo. Wanachukua kipande cha waya, wanafunga athi kwa nyutro hapo ndani ya shawa, wanafunika, wanaenda. Wanaita daraja. Sikiza. Siku nyutro ikiachia huko nyuma, mkondo utakosa njia ya kurudi. Utapitia hiyo daraja, uingie kwa mwili wa shawa, ungoje mtu aliyelowa maji."

Jacklyne aliisimamisha video. Daraja. Neno hilo hakulisikia kwa Mbithi kwanza.

Mwezi wa Machi Lazarus alikuwa amerudi nyumbani na kuku mzima wa kukaanga na viatu vipya. Alikuwa ametoka kufunga shawa nane katika ploti ya vyumba vya kupangisha ya Mzee Jamleck kule Waithaka. Mzee alikuwa amempa pesa za nguzo ya shaba na za waya wa athi wa kutosha vyumba vyote. Lazarus hakununua hata kimoja. "Nimewawekea daraja," alisema, akivunja paja, "na huyo mzee amesimama hapo anaangalia tu, anasema kazi safi, kazi safi." Alicheka hadi akakohoa. Jacklyne naye alicheka kidogo. Kisha akala paja la pili.

Na barua ya chuo, ile ya mtu anayeijua kazi yako, ilikuwa imeandikwa na Mzee Jamleck.

Jumamosi alasiri alimkuta Lazarus amekaa kwenye kizingiti cha mlango akisikiliza mpira redioni.

"Baba Valarie. Zile shawa za Waithaka."

"Zina nini?"

"Uliweka daraja."

"Zinafanya kazi?"

"Zinafanya."

"Basi."

"Na nyutro ikiachia?"

"Haiachii."

"Ya Kangemi mwaka jana si iliachia? Si ni wewe ulienda kuirudisha?"

"Hiyo ilifungwa na mjinga."

Jacklyne alilichukua daftari, akaketi chini karibu naye, na kuchora. Nguzo ya barabarani, mita, nyumba, shawa, waya mbili na kile kipande kifupi. Kisha akaweka alama ya mkato kwenye nyutro na kumpa kalamu.

"Hebu nionyeshe mkondo unarudi wapi."

Alimwona akifuata mstari kwa macho. Ulitoka nguzoni, ukapita kwenye mita, ukaingia kwenye shawa, ukafika penye mkato na kukwama. Macho yakarudi nyuma, yakapata kile kipande kifupi, yakakipita, yakaishia kwenye yule mtu aliyechorwa kwa vijiti. Yakatulia hapo. Lazarus alikuwa ameelewa. Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko Jacklyne, angekuwa na haja.

Akanyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio.

"Baba Valarie!"

"Barua ya chuo ni ya nani?"

"Ya Mzee Jamleck."

"Sawa. Sasa unataka niende nimwambie nini? Mzee, nilikula pesa yako, na tafadhali usisahau kunisifu?"

"Kuna watoto kwa hiyo ploti."

"Kuna watoto kila mahali," alisema Lazarus.

Jacklyne alimtazama. Alitazama shingo, zile ndevu zilizoanza mvi, viatu vya Machi. Alikuwa amemheshimu mwanamume huyu kwa muda mrefu kwa mazoea tu, jinsi mtu anavyoendelea kufagia chumba asichokitumia. Sasa aliona kwamba hakuna kilichobaki cha kufagia. Akararua ile karatasi ya mchoro, akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia yake ya kwenda nayo kanisani.

Kesho yake, baada ya ibada, alitembea kwa miguu hadi Waithaka. Mzee Jamleck alikuwa akinyunyizia sukuma wiki zake maji kando ya ploti, suruali imekunjwa hadi magotini. Alimsikiliza Jacklyne bila kufunga bomba.

"Mama, unakuja kuniambia bwana yako ni mwizi?"

"Nimekuja kukuomba uzime shawa, Mzee."

"Wewe ni fundi?"

"Hapana."

"Unafanya kazi gani?"

"Napika chai. Ofisi, huko tao, mjini."

"Na haya mambo ulijulia wapi?"

"Kwa video."

Mzee Jamleck alitabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile la makarani wa ghorofa ya sita. "Mama, huyo Lazarus nimemjua kabla hizo simu hazijakuja. Rudi nyumbani. Kama mmegombana, mtaelewana."

Pengine angeondoka. Miguu yake tayari ilikuwa imegeuka. Lakini mwanamke mmoja aliyekuwa akianika taulo alikuwa ameacha kuanika. Jina lake lilikuwa Rael, msusi, mpangaji wa chumba cha tano.

"Mzee," alisema Rael, "mimi si nilikwambia ile shawa yangu inanitekenya? Wiki mbili sasa. Ukaniambia ni dawa ya nywele imeharibu mikono yangu."

Jacklyne alimsogelea. "Inatekenya ukigusa wapi?"

"Kichwa chake. Na siku hizi hata maji yenyewe."

"Basi nyutro imeanza kuachia," Jacklyne alisema. Sauti yake ilitoka kavu, na kwa mara ya kwanza haikuomba msamaha. "Mzee, si ile shawa yake tu. Zote zimefungwa hivyo hivyo."

Mzee Jamleck alifunga bomba. Akatoa simu na kumpigia Lazarus.

Alifika baada ya nusu saa, mkoba begani, ameshavaa uso wa kazi. Wapangaji walikuwa wametoka vyumbani, kwa sababu Jumapili haina shughuli na ugomvi hauna kiingilio. Alimpita mkewe kama anavyopita mlingoti.

"Lazarus," alisema mzee, "hii shawa ya Rael ni salama?"

"Salama kabisa, Mzee."

"Athi iko?"

"Iko."

"Na ile nguzo ya shaba niliyolipia?"

"Iko huko nyuma, chini ya simiti." Kisha akawageukia wapangaji na kucheka kile kicheko chake. "Mumsamehe huyu mama. Siku hizi anashinda kwa mavideo. Kichwa imejaa, haina mahali pa kutoa. Kwake hata jiko la mkaa linaweza kumpiga shoti."

Watu wawili watatu walicheka. Jacklyne hakuangalia chini. Alikuwa amefundishwa na makarani jinsi ya kusimama watu wakicheka.

Mzee Jamleck aliingia bafuni kwa Rael, akawasha shawa. Maji yalianza kumwagika, kisha mvuke. Akatoka na kumwachia Lazarus mlango.

"Vua viatu," alisema.

"Mzee?"

"Vua viatu. Ingia hapo kwa maji, ushike hicho kichwa cha shawa na mkono."

"Mzee, mimi sikuja kuoga."

"Sijakwambia uoge. Nimekwambia ushike."

Lazarus aliinama. Alifungua kamba ya kiatu cha kushoto, akakivua. Soksi ilikuwa imetoboka na kidole gumba kilitokeza. Akafungua kamba ya kiatu cha kulia, na hapo mikono yake ikasimama. Ploti nzima ilisikia maji yakianguka sakafuni. Mwanamume wa miaka arobaini na sita, fundi wa miaka ishirini, alikaa ameinama mbele ya mlango wa bafu la msusi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akiyatazama maji yenye mvuke.

Kisha akarudisha kiatu mguuni.

"Zimeni meini kwanza," alisema polepole.

Hakuna aliyecheka. Mzee Jamleck mwenyewe ndiye aliyekwenda kuzima swichi kuu. Lazarus alifungua kifuniko cha shawa, na kile kipande kifupi cha waya kikaonekana, hakikuzidi kidole. Kwenye boksi la ukutani walipofungua, nyutro ilikuwa imeungua, nyeusi, imeshikiliwa na nyuzi tatu au nne. Rael alizitazama zile nyuzi. Kisha akamgeukia Jacklyne.

"Na wewe umejua lini?"

"Alhamisi," alisema Jacklyne.

Ilikuwa kweli. Juu ya Machi na yule kuku hakusema kitu, lakini uso wa Rael ulionyesha kwamba alikuwa ameshapiga hesabu yake mwenyewe.

Mzee Jamleck alinyoosha mkono. "Barua yangu."

Lazarus aliitoa mkobani, ikiwa ndani ya bahasha ya plastiki. Mzee aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akasema pesa ya nguzo atailipa au wataongelea kwa chifu. Kwa Jacklyne hakusema asante. Machoni pake alikuwa mke wa mwizi aliyechelewa kuja.

"Mbele ya wapangaji," Lazarus alisema walipofika nyumbani. Alirudia hilo hadi Jumatano. "Ungeniaibisha mbele ya mzee peke yake, ningeelewa. Mbele ya wapangaji!"

Hakuuliza hata mara moja juu ya Rael. Hakuuliza kuhusu vile vyumba vingine saba. Habari ilimtangulia Kangemi na ikamkuta hata pale alipodhani hajulikani. Wiki hiyo simu yake haikulia ila mara moja, na aliyepiga alikuwa amekosea namba. Fomu ya chuo ilikuwa bado mezani, tupu. Siku ya mwisho ya kuirudisha ilikuwa Ijumaa.

Jumatano jioni Jacklyne alivua kifuniko cha kalamu na kuandika jina lake.

"Unafanya nini?" Lazarus aliuliza.

"Najaza fomu."

Alisubiri kile kicheko. Kilikuja, lakini chembamba, kama chai iliyopikwa mara ya tatu kwa majani yale yale. "Utaandikiwa barua na nani? Na vikombe?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na lilimkosesha usingizi. Alhamisi asubuhi alibisha mlango wa Bi Syokau akiwa na fomu mkononi. Bi Syokau aliisoma yote, mbele na nyuma, akiwa amevua miwani.

"Jackie. Kozi ya stima. Na hiyo miaka yako."

"Ndiyo, madam."

"Nikuandikie nini? Mimi kazi yako ninayoijua ni chai."

"Andika hiyo, madam. Wanataka tu mtu anayeijua kazi yangu."

Bi Syokau alicheka hadi funguo zikalia, lakini alivuta karatasi yenye kichwa cha kampuni. Aliandika mistari mitatu. *Jacklyne Ajwang amepika chai katika ofisi hii kwa miaka mitatu. Hachelewi. Hajavunja birika.* Akapiga muhuri mkubwa wa rangi ya zambarau, akamrudishia. Alipofika mlangoni akamwita.

"Hiyo swichi ya jikoni haianguki siku hizi."

"Hapana, madam."

"Hm," alisema Bi Syokau, na kurudi kwenye kompyuta yake.

Siku ya mtihani msimamizi alimzuia mlangoni mwa ukumbi. Alikuwa kijana mwenye beji, mwenye haraka, na alimwambia kwa adabu kwamba wazazi wangojee kule nje kwenye mabenchi. Jacklyne alimwonyesha kadi ya mtihani. Kijana aliitazama kadi, akamtazama yeye, akaitazama kadi tena. Nyuma yake wasichana wawili walisukumana kwa viwiko. Akampa nafasi ya mwisho kabisa, karibu na dirisha lisilofunga.

Hesabu zilimtesa. Alijua kwamba mbili alizikosa hata kabla ya kugeuza ukurasa. Lakini kwenye fizikia, swali la saba, walikuwa wamechora betri moja na vikinzani vitatu, viwili sambamba na kimoja katika mfululizo, wakataka mkondo katika kila kimoja. Jacklyne aliweka kidole juu ya waya uliochorwa na kuufuata kutoka betrini hadi betrini, njia yote. Msimamizi alipita, akaona mama akitambaza kidole kwenye karatasi kama mtoto wa chekechea, akaendelea na safari yake. Jacklyne aliandika majibu matatu, akayajumlisha kuhakikisha kwamba kilichoingia ndicho kilichotoka.

Ujumbe ulifika baada ya wiki tatu, Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa anasuuza nguo mlangoni. Simu ilikuwa mezani. Lazarus ndiye aliyeisoma kwanza, kwa sababu siku hizo alikuwa akishinda nyumbani.

"Wamekosea jina," alisema.

Jacklyne alipangusa mikono kwenye leso, akaingia, akaichukua simu. Alisoma polepole. Hesabu, hamsini na moja. Fizikia, sabini na nane. Amekubaliwa.

"Hawajakosea," alisema. "Namba ya kitambulisho ni yangu."

"Utakaa na watoto."

"Nitakaa."

"Watakutuma chai."

"Wakinituma nitawaambia bei."

Akarudi kwenye beseni. Lazarus alimfuata hadi kizingitini, akasimama hapo, mikono mfukoni. Alikuwa amekonda wiki zile, na bila mkoba begani alionekana kama mtu aliyesahau kitu mahali. Alikohoa.

"Sabini na nane," alisema. "Lile swali la vikinzani sambamba lilikuja?"

"Lilikuja."

"Uliona aje ile ya mkondo kugawanyika?"

Alitaka kumcheka. Ndivyo Jacklyne alivyodhani, na akainua uso kumjibu inavyostahili. Lakini uso wa Lazarus haukuwa na cheko. Alikuwa akiuliza kwa sababu hakujua. Katika miaka kumi na sita hakuwahi kumuuliza swali la namna hiyo, na midomo yake ilikuwa haijalizoea. Ilibaki wazi kidogo baada ya maneno kwisha.

Angeweza kumwonyesha. Daftari lilikuwa pale, na ingechukua dakika tano. Alimfikiria Rael na mikono yake ya dawa ya nywele, na zile nyuzi tatu au nne.

Alikamua blauzi, akaikung'uta, akaiweka juu ya nyingine ndani ya beseni.

"Simu iko mezani," alisema. "Video ziko zote kumi na moja. Anza na ya kwanza."

Akabeba beseni, akaenda kuanika nguo, wala hakugeuka kutazama kama ataiwasha.